Wageni wa Darini

Asubuhi ile nilimkuta mtoto ameamka na kidole gumba cha mguu kimeliwa. Sisemi kimeumwa, nasema kimeliwa. Ngozi ya ncha ilikuwa imebanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, damu imekauka kwenye shuka, na mwenyewe yuko chali anacheka, anauvuta mguu autie mdomoni. Alikuwa bado hajui hata kukaa bila kuegemezwa. Watu husema panya huuma na kupuliza, ndiyo maana aliyelala hashtuki. Msemo huo niliusikia tangu utotoni nikidhani ni wa kuwasengenya wanafiki tu. Siku ile nilijua kwamba aliyeutunga alikuwa analala chumba kimoja na panya.

Mama mkwe wangu alichutama kando ya kitanda, akaushika ule mguu, akaugeuza huku na huku.

"Wameniuma," akasema.

Yeye hakuwa ameumwa. Lakini kwetu Wakikuyu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na tangu siku hiyo bibi na mjukuu ni mtu mmoja. Mtoto akilia, mama mkwe alikuwa akiniambia, "Ninalia njaa, unaninyonyesha lini?" Na kwa kuwa mimi ndiye niliyemzaa huyo mtoto ambaye ni yeye, aliniita mama. Mwanamke aliyekwisha kung'oka meno ya mbele, ananiita mama mbele za watu, mimi ambaye nilikuwa nimetoka shule ya sekondari juzi, bado nikiota nimechelewa kengele. Nilikuwa nimezoea.

"Mama," akaniambia, "utawatazama tu mpaka wanimalize?"

"Leo," nikasema, "nawaua hawa panya wote, mpaka..."

Sikumaliza. Alinirukia akaniziba mdomo kwa kiganja. Kilinuka ugoro.

"Usiwataje," akaninong'oneza sikioni. "Wanasikia."

Nilikaa pale nimezibwa mdomo, mtoto wangu ameliwa kidole, na sikujua nianze kumkasirikia nani.

Tulikuwa tunaishi katika laini za kinu cha unga, Nakuru, upande wa chini wa mji, kati ya reli na ziwa. Laini ni safu ndefu ya vyumba chini ya paa moja la mabati, kila chumba familia yake, na ukuta wa kati unakomea kabla haujafika kwenye bati, kana kwamba fundi aliitwa nyumbani. Aliyekohoa chumba cha kwanza aliambiwa pole na wa chumba cha mwisho. Kinu chenyewe kilikuwa ng'ambo ya barabara. Wakati wa kiangazi upepo hupeperusha vumbi jeupe la magadi kutoka ziwani, na kinu nacho kinapumua vumbi lake la mahindi, hata ukifuta meza hujui kama umefuta unga au chumvi. Panya wao walijua. Walizaliwa kinuni, wakija kwetu kutembea.

Mume wangu alikuwa karani wa mizani pale kinuni. Kila jioni alirudi mweupe kuanzia nyusi hadi viatu, akilitundika koti lake kwenye msumari juu ya kitanda, na koti hilo peke yake lilikuwa karamu. Lakini kosa lake kubwa lilikuwa dari. Aliomba mifuko ya unga iliyochanika, ile ya kitambaa cheupe, akaishona kwa mkono pamoja, akaipaka uji mzito wa unga ili ikauke iwe ngumu, kisha chokaa, akaipigilia misumari chini ya bati. Laini nzima walikuja kuangalia. Hakuna mwingine aliyekuwa na dari. "Wazungu wanalala chini ya dari," akasema, "sisi tuna nini?" Mimi nami niliipenda, wiki ya kwanza. Asubuhi za Nakuru bati hutoa jasho likakudondokea usoni, na sasa lilikuwa halitudondokei.

Halafu dari ikaanza kutembea. Ungelala mchana na mtoto, uone vijitumbo vinapita juu ya kile kitambaa, kimoja nyuma ya kingine, kama watu wanaokwenda sokoni. Walikuwa wamepewa nyumba iliyopakwa uji. Paka wa jirani aliletwa, akakaa katikati ya chumba, akainua uso, akatazama dari kama mtu aliyelipa kiingilio cha sinema, halafu akajilamba akaenda zake. Nilimwambia mume wangu aivunje. Akasema ataitengeneza. Kutengeneza dari ya unga.

Kuhamia pengine hakukuwepo. Ilikuwa katikati ya Hali ya Hatari, serikali ikiwasaka wapiganaji wa msituni na kila aliyewaficha au kuwalisha, na watu wa kabila letu walikuwa wamekwisha kusombwa kwa malori kutoka mjini na kutoka mashamba ya wazungu, wanapelekwa Riziavu, maeneo waliyotengewa Wakikuyu, wakiambiwa rudini kwenu. Kwetu ni wapi? Mama mkwe alizaliwa shamba la mzungu juu ya Elburgon, mume wangu akazaliwa hapo hapo, na huko Riziavu hatukuwa na hata mahali pa kuchimba choo. Tulikuwa tukisikia habari za watoto wachanga huko, na hazikuwa habari za kumsimulia mwenye mtoto mchanga. Katika laini zile za kinu tulikuwa tumebaki nyumba moja tu ya Kikuyu. Tulibaki kwa sababu mzungu mwenye kinu alimhitaji mtu wa mizani asiyekosea, akamtilia saini pasi. Chumba kilitegemea pasi, na pasi ilitegemea chumba. Ukipoteza kimoja unapanda lori. Hilo nililijua nikifua, nikipika, nikinyonyesha.

Na aliyelijua zaidi yangu ni mnyapara wa laini. Yeye ndiye aliyeshika funguo, na macho pia. Kama kuna mtu wa kuuma na kupuliza, basi ni yule. "Mama hajambo? Mtoto hajambo? Mzee bado anaendelea vizuri na kazi? Ee, vizuri. Jana taa yenu ilichelewa kuzimwa." Akishasema hivyo anatabasamu, anakwenda nyumba ya pili. Ungebaki umesimama na sufuria mkononi ukijiuliza taa ina dhambi gani.

Sasa nirudi kwa mambo ya kutajwa na kutotajwa. Mama mkwe alikuja kunisaidia baada ya kujifungua, kwa kibali, na alikuja na sheria zake. Ya kwanza ilikuwa hiyo. Panya hatajwi kwa jina ukiwa na nia naye. Ukisema "nitaweka mtego", amesikia. Ukisema "nimenunua sumu", amesikia, na badala ya kula sumu anakula nguo yako nzuri kukuonyesha. Anaitwa mgeni. Wageni wamekula unga. Wageni wamepita kabatini. Mume wangu, mtu anayesoma gazeti mpaka matangazo ya ng'ombe waliopotea, naye alisema wageni.

Nilicheka. Nilinunua mtego wa waya, nikautega peupe, nikasema kwa sauti ya kusomea darasani, "Nyinyi panya, mwisho wenu umefika." Kesho yake mtego haukuwa na nyama wala panya, na gauni langu la kanisani, la buluu lenye kola nyeupe, lilikuwa na tundu kifuani ambalo mtu angepitisha kichwa. Mama mkwe hakucheka. Alilinyoosha lile gauni kitandani kama maiti.

"Ulitangaza vita, mama," akasema. "Adui hatangaziwi."

Najua kwa nini gauni lililiwa. Mtoto alikuwa amelitapikia maziwa Jumapili nami nikalifuta tu bila kulifua. Lakini nenda ukamweleze hayo mtu aliyekwisha kushinda. Tangu siku hiyo nami nikasema wageni, kwa kuchoka, si kwa kuamini. Na kumbe si sisi peke yetu. Siku ile ya kidole nilimwacha mtoto kwa bibi yake nikaenda kwenye duka la Mhindi karibu na soko. Nikaegemea kaunta nikaona mwenye duka hasemi kwa sauti, anasubiri.

"Ile dawa ya wageni," nikanong'ona, nikijichukia.

Hakuuliza wageni gani. Aliinama chini ya magunia ya dengu, akaifunga katika karatasi ya gazeti, akanisogezea kama mtu anayekupa barua ya posa ya kisiri. "Mtoto iwe mbali," akasema polepole. Hata tofauti ya dini haikuizuia imani hiyo. Laini nzima, soko zima, wote tulikuwa tunayaogopa masikio yao.

Mama mkwe aliikanda ile dawa na posho iliyopoa, mafuta ya ng'ombe na sukari kidogo. Alivitengeneza vidonge vizuri, vya duara, kwa upendo. Kwa sababu ya mtoto hatukutaka kuviweka chini, kwa hiyo nilipanda juu ya kitanda, nikang'oa msumari mmoja pembeni, nikavisukuma juu ya dari nikitumia vifuniko vya makopo kama sahani. Kisha nikambeba mtoto mgongoni nikaenda zahanati kusafishwa kidonda. Mama mkwe akachukua debe akaenda kuteka maji.

Mfereji wa laini ulikuwa chini ya dirisha la mnyapara. Pale alimkuta jirani yetu, Mluhya mmoja mcheshi wa chumba cha pili kutoka chetu, na kwa kuwa hakuna aliyejua lugha ya mwenzake walizungumza Kiswahili, mama mkwe kile chake cha shambani. Jirani ndiye aliyenisimulia, na mpaka leo hawezi kuimaliza habari hii bila kukaa chini.

"Nyanya, habari ya nyumbani?"

"Mbaya. Wageni nakuja tena. Nakula unga, nakula kofia ya toto. Sasa nakula mimi."

"Wewe, nyanya?"

"Mimi. Kidole ya mguu."

"Na kijana wako anasema nini?"

"Kijana yangu nalala tu. Lakini leo tumepikia wao. Chakula mzuri, iko mafuta, iko sukari. Tumepeleka huko juu kwa dari."

"Watakubali kula?"

"Hawa? Nakula kila kitu. Wacha washibe. Kesho mtaona. Laini yote itanuka."

Jirani akacheka, akamtwika debe. Nyuma ya dirisha lile mnyapara alikuwa ananyoa ndevu. Hakumaliza. Jirani anasema alimwona akitoka mbio na povu shavu moja, akikamata baiskeli kama mtu aliyeambiwa mkewe amejifungua barabarani.

Niliporudi kutoka zahanati nilikuta watu wamejaa mlangoni kwetu. Godoro letu lilikuwa nje, limepasuliwa. Debe la unga lilikuwa limemwagwa lote chini mchangani, na kuku wa watu wanaung'ang'ania. Nilisimama juu ya ule unga na mtoto mgongoni. Askari mmoja mwenye bunduki alinizuia kwa mkono.

"Wewe ndiye mwenye nyumba? Ngoja hapo."

Ndani, mama mkwe alikuwa amekalishwa kigodani katikati ya chumba, mikono juu ya magoti, ametulia kabisa. Mbele yake sajini, mtu mzima mwenye kitambi. Pembeni mnyapara.

"Mama mzee," sajini akasema, "nauliza mara ya mwisho. Hao wageni ni akina nani?"

"Siwezi kusema hapa."

"Kwa nini?"

"Wanasikia."

"Wako wapi?"

Mama mkwe alinyoosha kidevu juu kidogo tu, kwa adabu. Sajini akainua macho kwenye dari yetu nyeupe. Askari wake naye akaingia, akainua macho, halafu akainua bunduki.

"Ni wangapi?" sajini akauliza kwa sauti ya chini sana.

"Nani anaweza kuhesabu? Wako na wake zao. Wako na watoto."

"Wana silaha?"

Mama mkwe akafikiri. Alikuwa mtu wa kweli, hakupenda kujibu ovyo.

"Meno," akasema.

Nyuma yangu mtu alianza kucheka akajizuia. Mimi sikuweza kucheka. Niliona kidole cha askari kilipokuwa, na niliona uso wa mnyapara ulivyonona, na akilini nikaona lori la Riziavu. Lililoniuma ni kwamba mama mkwe alikuwa na neno moja la kutuokoa, na alikuwa analificha kwa sababu nzuri. Sumu iko juu. Bado hawajamaliza kula. Akiwataja sasa, mjukuu wake, yeye mwenyewe, ataliwa tena usiku. Alikuwa ananilindia mtoto.

"Twende nje basi," sajini akasema, "unitajie majina yao huko."

"Nje pia wanasikia. Ngoja wamalize kula. Nitakuambia yote."

"Ni panya," nikasema.

Mama mkwe alijifunika uso kwa leso. "Mama," akasema, "umeniua."

"Sijakuuliza wewe," sajini akaniambia.

"Hata kama hujaniuliza. Ni panya. Wameng'ata mtoto huyu, tazama kidole, kimefungwa bandeji na dresa wa zahanati sasa hivi, nenda ukamuulize. Tumewawekea sumu darini. Na ukishaweka sumu huwataji mpaka wafe. Hiyo ndiyo siri yote. Mmenimwagia unga wangu kwa hiyo."

"Panya," sajini akarudia. "Mnawaita wageni."

"Afande," mnyapara akaingilia kwa upole, "watu hawa nawajua. Lugha yao iko na mlango wa nyuma. Akisema mbuzi, anasema bunduki." Kisha akanigeukia. "Pole mama. Ni kazi tu. Mtoto ameumia sana?"

"Wewe una povu shavuni," nikamwambia.

Akashika shavu. Lilikuwa limekauka tayari, limebaki kama magamba ya samaki. Sajini naye alimtazama lile shavu, na nadhani ndipo alipomwona kwa mara ya kwanza.

"Afande," nikasema, "kwenu wewe, mkiwawekea dawa, mnasemaje?"

Mtu wa cheo chake hawezi kujibu swali kama lile mbele ya askari. Lakini alisugua kidevu, akatazama pembe ile ya dari yenye msumari uliong'olewa, akauliza, "Mmeweka saa ngapi?"

"Asubuhi hii."

"Basi bado wanakula," akasema, kama anajiambia mwenyewe. Halafu akaona haya, akamfokea askari wake, "Unangoja nini? Toboa."

Askari alichoma dari kwa singe akaivuta.

Sijui nieleze vipi. Uji wa unga ukikauka miezi na miezi huwa kama ubao, na ubao ule ulivunjika wote kwa mkupuo mmoja. Ilishuka mvua ya mavi ya panya, punje za mahindi, karatasi zilizotafunwa, nyuzi za sufu za kofia ya mtoto, vifuniko vya makopo na vidonge vya bibi, na katikati ya yote wageni wenyewe. Wengine walikuwa wamekufa. Wengine walikuwa wamelewa, wanatembea upande. Wengi walikuwa wazima kabisa na wamekasirika kuamshwa. Mmoja alitua juu ya kofia ya sajini akakaa hapo akitafakari. Mwingine alimwingia mnyapara kwenye ukosi, naye akatoka chumbani akicheza ngoma ambayo sijaiona katika kabila lolote. Askari alipanda juu ya kitanda changu na viatu vyake.

Mama mkwe aliinuka. Alikishika kile kigoda kwa mguu mmoja, akaanza kazi. Sasa kwa kuwa wote walikwisha kusikia, hakukuwa na cha kuficha tena, na alikuwa akiwataja, kila pigo na jina lake: panya, panya, panya. Jirani akaja na ufagio. Wanawake wa laini nzima wakaingia.

Vumbi lilipotulia sajini alikung'uta kofia yake mara nyingi kuliko ilivyohitaji. Aliitazama pasi ya mume wangu niliyomletea, akakitazama kibali cha mama mkwe, akanirudishia vyote.

"Mimi sina kesi hapa," akasema. "Mambo ya vyumba ni ya mnyapara wenu."

Akaenda zake. Na hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kesi ya polisi ilikuwa imekwisha, lakini mnyapara alikuwa amesimama mlangoni, shati limechomolewa, na laini nzima wamemwona akicheza. Mtu wa namna hiyo hasamehi. Alitazama vipande vya dari vilivyokuwa vinaning'inia.

"Dari," akasema. "Nani alitoa ruhusa ya kujenga dari kwa nyumba ya kampuni? Mimi sikutoa. Itabidi bwana mkubwa aambiwe. Sipendi, mama, lakini itabidi." Akapuliza. "Mtaweza kupata mahali pengine."

Alijua hakuna pengine. Alilisema hilo neno polepole ili nilisikie vizuri.

Nilimpa jirani mtoto. Nilichukua lile debe walilomwaga unga wake, nikaanza kuokota panya kwa mikia, nikitia ndani mmoja mmoja, wote wakinitazama, mpaka chini ya debe hapakuonekana. Kisha nikaliweka miguuni pake.

"Twende wote kwa bwana mkubwa," nikasema. "Wewe umwambie kuhusu dari, mimi nimwambie kuhusu debe. Anauza unga, bwana mkubwa. Anauza mpaka Kisumu. Nitamwambia hawa wametoka kinuni kwake, na wamekula mtoto, na yuko mnyapara anayejua kila taa inayochelewa kuzimwa lakini hajui haya. Na nitamwambia kwa Kiingereza. Wewe utasimama hapo karibu nami, na hutajua nimesema nini."

Alitazama debe, akanitazama usoni. Nilikuwa na umri wa binti yake. Sijui kama ningekwenda. Nafikiri ningekwenda. Kiingereza changu kilikuwa kizuri na nilikuwa sijapata mtu wa kukisema naye tangu niolewe.

"Hakuna haja ya kumsumbua bwana mkubwa," akasema mwishowe.

"Basi lete ngazi," nikasema. "Na saruji."

Maana nilikuwa nimeelewa jambo pale nilipoona panya wazima wanapanda ukuta na kupotelea kwa jirani. Sumu ya chumba kimoja ni kazi bure. Unawafukuza kwako wanalala kwa mwenzako, akiweka yeye wanarudi kwako, na kila mtu amenyamaza kwa kuogopa kusikiwa. Kwa miaka watu wa laini ile walikuwa wanabadilishana panya wale wale, kwa siri. Kwa hiyo niliwaambia waziwazi, kwa sauti, na mama mkwe hakuniziba mdomo. Tulianza chumba cha mwisho kabisa. Jiko la makaa, pilipili kavu juu yake, mlango umefungwa. Moshi wa pilipili hupanda, huingia chini ya bati, na panya hushindwa kuuvumilia kuliko sisi. Wakakimbia kuelekea chumba kinachofuata, na kule jiko jingine linangoja, na kuendelea, mpaka chumba cha kwanza karibu na mfereji, mlango wazi, na wanawake wamesimama nje na mifagio na michi. Watoto wote wa laini walikuwa wanakohoa na kufurahi. Nyuma ya moshi alifuata mnyapara juu ya ngazi, macho yanamtoka machozi, anaziba ile nafasi kati ya ukuta na bati kwa saruji na vipande vya chupa, chumba baada ya chumba, na mama mkwe chini yake akimwonyesha kwa fimbo alipoacha.

"Hapo, kijana. Hapo mkono unapita."

"Nimeona, mama."

"Kama umeona, ziba."

Mume wangu alirudi jioni, mweupe kama kawaida, akasimama mlangoni akitazama mabati matupu.

"Dari yangu," akasema.

"Vua nguo," nikamwambia. "Hapo hapo nje. Zikung'ute kwanza."

"Watu wananiona."

"Wakuone."

Alivua. Tangu siku ile hajaingiza koti la kinuni ndani ya nyumba. Nikamsimulia yote, na nilipofika kwenye habari ya lori aliketi chini kwenye kizingiti na chupi yake. Halafu akasema dari ingeweza kurekebishwa, ingepakwa sumu kwenye uji wenyewe tangu mwanzo. Hapo nikamlipukia. Nilimwambia niliyokuwa nayo ya dari, na ya kulala usingizi, na ya kuniacha niseme wageni kama mtu asiyesoma. Naye akanijibu, naye ana mdomo. Tuligombana mpaka chakula kikaungua. Ni katikati ya ugomvi ndipo nilipogundua kwamba hakuna aliyetuambia pole kutoka chumba cha pili. Hakuna aliyekohoa wala kucheka. Kuta zilikuwa zimefika kwenye bati. Tulikuwa tumekaa katika chumba kile tangu tuoane tukisema mambo yetu midomo ikiwa masikioni, na sasa tulikuwa tunapiga kelele kama watu walio kwao.

Mume wangu naye aliligundua. Alinyamaza, akasikiliza, akanitazama.

"Endelea," akasema.

Nikaendelea.